Ukimjadili Bill Cosby na Vijana Wako

Katika mikusanyiko yetu Waafrika Mashariki tunaoishi Marekani, jina la Bill Cosby halipiti bila mabishano, hasa kwa sisi tuliomtazama akiigiza baba daktari mwenye sweta za rangirangi na kujivunia kuiona familia ya weusi yenye heshima kwenye runinga. Vijana wanapouliza yaliyompata, yaani tuhuma za wanawake wengi kwamba aliwatilia dawa na kuwadhulumu kingono, wazee hukimbilia jibu moja: amemalizwa kwa sababu ni mweusi. Nakushauri usiwape jibu hilo, ingawa limetoka katika uchungu wa kweli.

Mimi huanza na Beverly Johnson, mwanamitindo mweusi wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue la Marekani, mwaka 1974. Aliandika mwaka 2014 kwamba katika miaka ya 1980 Cosby alimkaribisha nyumbani kwake, akamsihi anywe kahawa, na baada ya mafunda machache akajua ametiliwa dawa. Cosby amezikana tuhuma zote. Johnson alisitasita kusema kwa sababu, pamoja na mengine, polisi walikuwa wakiwaua wanaume weusi. Huo mwaka 2014 ndio waliouawa na polisi Eric Garner na Michael Brown, wote weusi. Hatimaye aliamua kwamba dhuluma hiyo haimhusu Cosby, ambaye, tofauti na weusi wengi, alikuwa na wakubwa wa kumkingia kifua. Binti wa kaka yangu aliposikia hayo aliniuliza, "Shangazi, kwani alitakiwa asubiri mpaka polisi waache kuua?"

Usiwafiche pia hotuba ya Mei 2004 mjini Washington, ambamo Cosby aliwalaumu weusi maskini na kuwashangaa wanaowakasirikia polisi mtu anapopigwa risasi kwa wizi wa kipande cha keki. Andrea Constand, mwanamke ambaye kesi yake ndiyo iliyompeleka Cosby gerezani, aliieleza mahakama kwamba Cosby alimdhulumu kingono Januari ya mwaka huohuo.

Na wakiuliza mbona aliachiwa, usikwepe. Alitiwa hatiani mwaka 2018 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 hadi 10. Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilifuta hukumu hiyo kwa sababu mwendesha mashtaka wa awali alikuwa ameahidi kutomshtaki, na Cosby, akiitegemea ahadi hiyo, alijibu maswali katika kesi ya madai, kisha majibu yake yakatumiwa dhidi yake. Majaji hawakusema kwamba Constand alidanganya.