Nyumba Iliyofungiwa Hugombania Ukimya

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, ushauri mwingi uliotolewa kwa familia zilizofungiwa ndani ulihusu muda: amka mapema, andika ratiba, igawe siku kwa saa. Mimi na mke wangu tulikuwa na kazi za ofisini zilizohamia nyumbani, watoto wawili wa shule ya msingi na mdogo wao ambaye hakuwa ameanza shule, na maisha yale yameniachia msimamo ulio tofauti kidogo. Muda tulikuwa nao, kwa kuwa hata safari ya kwenda na kurudi kazini ilikuwa imetuondokea. Kilichoadimika ni ukimya, pamoja na umakini wa mtu mzima mmoja asiyesikiliza jambo lingine. Nyumba inayojua kugawana vitu hivyo viwili itavuka kipindi cha kufungiwa bila watu kuumizana sana, hata kama ratiba iliyobandikwa ukutani haifuatwi.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza ni la dakika chache. Chukua karatasi, orodhesha shughuli zote zinazofanyika nyumbani kwa siku, kisha jiulize kila moja inatoa kelele kiasi gani na inavumilia kelele kiasi gani. Kikao cha mtandaoni kinatoa kelele, lakini kinavumilia kelele ya wengine ukivaa visikilizi na kuzima kipaza sauti wakati huzungumzi. Kuandika ripoti hakutoi kelele wala hakuvumilii kelele. Mtoto mdogo anayecheza hutoa kelele nyingi na huvumilia zote. Ukishayaona hayo kwenye karatasi, utaelewa kwa nini mpango unaotumiwa na nyumba nyingi haufanyi kazi: watu hutawanya vikao na masomo ya sauti ili yasigongane, huyu saa tatu, yule saa tano, mwingine saa nane, na matokeo yake siku nzima haipatikani hata saa moja ya utulivu. Sisi tulizirundika kelele zote pamoja asubuhi. Simu zangu, vikao vya mke wangu, vipindi vya masomo redioni na mchezo wa mdogo vyote vilikwenda kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kona yake, na kwa saa hizo nyumba ilikuwa kama soko siku ya gulio. Baada ya chakula cha mchana, mdogo alipolala, nyumba nzima ilinyamaza pamoja: waliokuwa na kazi ya kuandika waliandika, watoto walisoma au kuchora, na simu zote zilizimwa mlio. Kazi niliyoifanya katika kipindi hicho kifupi ilizidi ya asubuhi nzima.

Jambo la pili ni zamu, na hapa sizungumzii zamu ya kupika wala kuosha vyombo, ingawa nazo zinahitajika. Nazungumzia zamu ya kuulizwa. Mtoto anapowaona wazazi wawili wakiwa wamekaa nyumbani, haingii akilini mwake kwamba mmojawapo yuko kazini; kwake mzazi anayeonekana ni mzazi anayepatikana. Kumweleza kwa maneno hakusaidii sana, hasa akiwa chini ya miaka sita. Kinachosaidia ni alama anayoweza kuiona mwenyewe. Kwetu, mzazi aliye zamuni alikaa kwenye meza ya chakula, na mambo yote yalipelekwa pale: penseli iliyovunjika, ugomvi, njaa, swali la hesabu. Aliyekuwa chumbani alihesabiwa kuwa hayupo, na aliye mezani hakuruhusiwa kusema “kamuulize mwenzangu”. Binti yetu mkubwa aliitafutia sheria hii upenyo haraka. Alianza kusukuma vikaratasi chini ya mlango, na kimojawapo kiliandikwa hivi: “Baba, 7 mara 8 ni ngapi? Kama uko kazini usijibu, ila nitarudi.”

Mwajiri naye ahusishwe mapema, tena kwa maandishi. Watu wengi hukaa kimya wakiogopa kuonekana wavivu, kisha wanaanza kukosa vikao na kutoa visingizio, jambo linalowaharibia zaidi. Ni afadhali kumwandikia msimamizi wako ujumbe mfupi ukieleza saa ambazo utapatikana papo hapo, saa ambazo utafanya kazi bila kupatikana, na kazi utakayoikamilisha kabla ya wiki kwisha. Omba pia vikao vinavyohusu kupeana taarifa tu vigeuzwe kuwa ujumbe wa maandishi au wa sauti. Utashangaa ni vingapi vitakubaliwa kufutwa bila ubishi. Katika nyumba yenye watu wazima wawili, chunguzeni kwa haki ni mlango wa nani unaofungwa na kubaki umefungwa. Mara nyingi wa baba huheshimiwa, ilhali wa mama hugongwa kila baada ya dakika kumi, hata pale mshahara wa mama unapokuwa mkubwa zaidi. Hilo halitajirekebisha lenyewe. Lazima baba akae mezani.

Kuhusu masomo, nina maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyowakosesha wazazi usingizi. Kwa takwimu za UNESCO, kufikia Aprili 2020 wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 katika nchi zaidi ya 190 walikuwa nje ya madarasa yao. Kwa hiyo, mzazi anayeona kwamba watoto wa wenzake wanaendelea na mtaala wote huku wake wakibaki nyuma anajitesa bure. Nyumba si shule, na haina haja ya kujifanya shule. Mwalimu ana darasa la watoto wa umri unaokaribiana, somo moja kwa wakati, na mafunzo ya miaka. Wewe una watoto wa umri tofauti na ripoti inayosubiriwa.

Historia ina mfano mzuri wa kupunguza matarajio kwa busara. Mwaka 1937 mlipuko wa polio ulichelewesha kufunguliwa kwa shule mjini Chicago, na masomo yakatangazwa redioni kwa vipindi vya dakika 15, huku magazeti yakichapisha maelekezo na maswali ya kuandamana navyo. Dakika 15 zilitosha kwa somo moja, kwa kuwa mtoto anayesoma peke yake hachoki kama anayesoma akiwa na wenzake. Huchoka mapema zaidi. Nasi tulijifunga kwa vipindi vifupi vya namna hiyo, tukachagua mambo mawili yasiyoachwa hata siku ngumu: kusoma kwa sauti na hesabu. Sayansi, jiografia na mengineyo yalikuja yalipokuja. Sababu ni kwamba mtoto aliyekosa mada ya mito na maziwa anaweza kuisoma baadaye kwa wiki moja, lakini aliyepoteza wepesi wa kusoma anapoteza masomo yote pamoja, kwa vile yote hupitia kwenye kusoma.

Kusoma kwa sauti tulikufanya hivi. Mtoto alisoma, nami nikafuata kwa macho nikiwa na penseli mkononi. Alipokwama au kukosea neno, sikumkatiza. Niliweka nukta ndogo chini ya neno hilo naye akaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Kisha tulirudi kwenye nukta tu, moja baada ya nyingine, akijaribu mwenyewe kabla ya mimi kusema lolote. Siku iliyofuata alianza na ukurasa uleule na kujaribu kufuta nukta za jana. Mvulana wetu, ambaye hapo awali alikuwa akikimbia vitabu, alianza kuzihesabu nukta mwenyewe na kubishana nami kwamba nimemwonea. Sijui kama walimu wangeikubali mbinu hii, ila haihitaji kifaa chochote, na mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuitumia, hata kaka au dada mkubwa.

Pale nyumba nzima inapotegemea simu janja moja, usigawe simu kwa ukubwa wa umri. Mpe kwanza mwenye mtihani wa taifa, kisha anayesoma jambo lisiloweza kufundishwa kwa karatasi. Darasa la video hula bando kwa kasi kubwa kuliko ujumbe wa sauti au picha ya ubao, kwa hiyo mwombeni mwalimu atume sauti na picha. Walimu wengi hawajui hali ya nyumbani kwenu hadi waambiwe. Kama darasa la video halikwepeki, keti karibu na mtoto mara ya kwanza. Mdogo anaweza kunyoosha mkono mbele ya simu kwa dakika nzima huku kamera imezimwa, akidhani mwalimu amemdharau.

Mwili unahitaji mambo machache, nayo ni rahisi kuyasema kuliko kuyatimiza: kuamka saa ileile kila siku, kupata mwanga wa jua asubuhi hata kama ni dirishani, na kuacha madirisha wazi, kwa kuwa virusi vinavyosambaa kwa hewa hujazana katika chumba kilichofungwa. Akiugua mmoja, apewe chumba chake ikiwezekana, na anayemhudumia awe mtu mmoja aliyevaa barakoa. Taarifa za habari zitoshe mara moja kwa siku.

Kuna nyumba ambazo ushauri wangu wote hauzifai, kwa sababu ndani yake kuna mtu anayepiga. Aprili 2020, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitoa wito wa amani majumbani baada ya ripoti za ukatili dhidi ya wanawake kuongezeka kwa kutisha wakati wa kufungiwa. Aliye katika hali hiyo asihangaike na ratiba. Akubaliane na ndugu au jirani neno la kawaida ambalo, likitajwa kwenye simu au ujumbe, litamaanisha kwamba anahitaji msaada mara moja, na aweke vitambulisho vyake na vya watoto mahali anapoweza kuvichukua kwa haraka. Amri ya kukaa ndani haimlazimu mtu kubaki mikononi mwa anayemwumiza.

Jambo la mwisho linahusu kufunguliwa, ambalo husahaulika kwa furaha. Usipange kana kwamba kufungiwa ni kwa wiki mbili. Nchini Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na kwa mtoto mdogo huo ni muda wa kusahau hata namna ya kukaa darasani. Kabla ya kurudi, anza kurejesha saa za kulala hatua kwa hatua, mpitishe mtoto mbele ya shule yake ikiwa inaruhusiwa, na mwache azungumze na rafiki mmoja kwa simu ili asiingie miongoni mwa wageni watupu. Mwandikie mwalimu waraka mfupi wa kweli: mtoto amesoma nini, hakugusa nini, na anaogopa nini. Wa kwetu ulikuwa na mistari michache tu, ukitaja kuzidisha, kusoma, na hofu ya binti yetu ya kuambiwa amerefuka, na mwalimu alianzia hapohapo.