Creed, Nickelback, 3 Doors Down: mimi bado nawasikiliza sana

Mleta mada umeuliza kama kuna mtu humu bado anasikiliza zile bendi za rock za mwanzoni mwa 2000 ambazo siku hizi hata wazungu wenyewe wanazicheka mitandaoni. Mkuu mimi nipo, na sijawahi kuacha.

Nianze na hili la kuchekwa maana watu wanalichanganya. Kule Marekani hizi bendi hazikuchekwa kwa kutojua muziki, watu walizichoka tu. Ile How You Remind Me ya Nickelback imetoka 2001 na ndiyo ngoma iliyopigwa kuliko zote kwenye redio za Marekani muongo ule, zaidi ya mara milioni 1.2! Sasa mtu akienda dukani anaisikia, kwenye gari anaisikia, kazini anaisikia, lazima afike mahali aichukie, na mwenzake ambaye hata haijamkera naye anajifanya anaichukia asije akaonekana mshamba. Creed hivyohivyo, Human Clay ya 1999 imevuka nakala milioni 11 kulekule kwao, halafu mwisho wa 2002 wakapiga shoo moja karibu na Chicago ikawaudhi watu mpaka mashabiki wanne wakaenda mahakamani kudai hela yao, kesi ikatupwa ila vicheko vikabaki.

Sisi huku nani alituchosha na Nickelback? Redio ilikuwa ni Juma Nature, Professor Jay, Lady Jaydee, na niliwapenda sana tu, lakini rock ulikuwa unaivizia. Usiku unakaa na redio kaseti, kaseti tupu iko ndani, vidole viwili viko juu ya rekodi na plei, ngoma ikianza unabonyeza vyote kwa pamoja huku unaomba mtangazaji asiongee, akiongea ndo basi, sauti yake imeshakuwa sehemu ya wimbo. Kuna ngoma ya 3 Doors Down mpaka leo nikiisikia YouTube ikifika katikati nasubiri yule mtangazaji aingie kutaja saa. Na betri zikianza kuisha Scott Stapp wa Creed ambaye tayari ana sauti nzito anazidi kushuka mpaka anaimba kama yuko kisimani, tunazianika juani kesho yake tunaendelea. Wimbo ulioupata kwa shida hivyo utauchoka saa ngapi?

Huku tulisemwa kwa sababu nyingine kabisa. Mtaani ilikuwa makelele ya wazungu, nyumbani muziki wa shetani. Mama mdogo akiingia anazima redio bila kuuliza. Wakati Stapp mwenyewe kakulia familia ya kipentekoste yenye msimamo mkali na maneno yake yamejaa toba na maombi, na anaimba taratibu kiasi kwamba mtoto wa form two anayakamata. Siku moja nikamwambia mama mdogo shikamoo, kaa kidogo, nikamtafsiria wimbo mzima mstari kwa mstari, akasikiliza mpaka mwisho akasema haya, punguza sauti tu.

Halafu gita. Hapa ndo nawashukuru Creed maisha yangu yote. Kwenye kwaya gita lilikuwa la kaka mmoja mpiga solo, vidole vinatembea kama Franco, mimi nikijaribu kodi (chords) za kawaida vidole havifiki. Nikaja kugundua Mark Tremonti, mpiga gita wa Creed, nyimbo zake nyingi analegeza ule waya mnene kabisa kutoka noti ya E mpaka D, ukishafanya hivyo unalaza kidole kimoja tu kwenye waya tatu nene na tayari una kodi nzito inayotetemesha kifua, unakisogeza juu chini na wimbo unatoka. Yule kaka alinikuta nafanya hivyo akanyamaza, akachukua gita akajaribu mwenyewe. Toka siku hiyo nikawa naachiwa funguo ya stoo ya vyombo.

Na Kryptonite je? Brad Arnold aliiandika akiwa na miaka 15, yuko darasani kipindi cha hesabu, na kwenye albamu ya kwanza ya 3 Doors Down yeye ndo anaimba na yeye ndo anapiga drams. Hata hao wanaocheka waniambie wao wakiwa na 15 walikuwa wameandika nini.

Sasa hivi upepo umegeuka. Texas Rangers 2023 walikuwa wanaimba Creed mpaka wakabeba ubingwa wao wa kwanza wa besiboli, na 2024 Creed wakarudi jukwaani watu wakajaa. Nimefurahi kwa ajili yao kwa kweli.

Mleta mada, kama ulikuwa mtu wa Creed na hukuwahi kuwafuata Alter Bridge anza leo, ni walewale watatu wa Creed bila Stapp, anaimba Myles Kennedy. Chukua One Day Remains ya 2004, weka hedifoni nzuri, sikiliza gita tu kwanza.