Namba ya jedwali haiguswi: kwa aliyepata volti 0.84 kwenye seli ya zinki na fedha

Mkuu, futa hiyo hesabu kabla hujafika nayo mbali. Umeuliza mambo mawili: volti ya seli ya zinki na fedha, na ipi kati ya hizo ni anodi, yaani upande unaopoteza elektroni. La kwanza umejijibu mwenyewe, 0.84, ukasema hilo limeisha. Halijaisha. Jibu ni 1.56.

Tazama ulichofanya. Jedwali la volti za elektrodi linasema fedha +0.80, zinki −0.76. Zinki ukaigeuza ikawa +0.76 kwa sababu ndiyo inayopoteza elektroni. Fedha ukaizidisha kwa 2 ili elektroni zilingane, ikawa 1.60. Halafu ukatoa: 1.60 − 0.76 = 0.84. Makosa mawili ndani ya mstari mmoja, na ubaya wake ni kwamba jibu lenyewe linapendeza. Ni chanya, ni dogo kiasi, hakuna kinachokushtua. Unalipeleka kwenye nishati, kwenye mkolezo, kwenye swali zima la alama 15, na kila kinachofuata kinaharibika.

Shika hili moja, mengine yatakuja yenyewe: NAMBA YA JEDWALI HAIGUSWI. Haigeuzwi alama, haizidishwi, haigawanywi. Unaisoma ilivyochapishwa, zote mbili, kisha unafanya kathodi (upande unaopokea elektroni, hapa fedha) kutoa anodi, mara moja tu:

0.80 − (−0.76) = 1.56

Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayogeuza. Ukiwa umeshaigeuza zinki kwa mkono, umegeuza mara mbili, umerudi ulikotoka.

Sasa hili la kuzidisha, maana ndilo linalowagharimu wengi zaidi. Volti ni jouli kwa kila kulombi moja. Ni kama kimo cha maporomoko: ukipitisha maji mara mbili, unapata kazi mara mbili, lakini kimo hakijaongezeka hata inchi. Ukiandika

2Ag⁺ + 2e⁻ → 2Ag

umeongeza elektroni, na nishati imeongezeka pamoja nazo, lakini kila elektroni bado inashuka kimo kilekile cha 0.80. Hakikisha kwa ΔG = −nFE: ΔG ni nishati, n ni moli za elektroni, E ni volti ya seli, na F ni chaji ya elektroni, kulombi 96,485 kwa moli. Kwa elektroni 2: −2 × 96,485 × 1.56, karibu kilojouli −301. Andika mlinganyo huohuo kwa nusu, moli moja ya ayoni za fedha na nusu moli ya zinki: n inakuwa 1, nishati inakuwa karibu −150.5, na volti ni ileile 1.56. Nusu ya nishati kwa nusu ya elektroni.

Kwa hiyo ile 2 haipotei, ina kazi zake. Inaingia kwenye n. Inaingia kwenye uzito: gramu 65.4 za zinki zikiyeyuka, zinashuka gramu 215.8 za fedha, kwa sababu ni moli mbili. Na inaingia kama kipeo kwenye mlinganyo wa Nernst, ule unaorekebisha volti kulingana na mkolezo. Ukiwa na ayoni za fedha moli 0.01 kwa lita na za zinki moli 1 kwa lita, Q, yaani mkolezo wa zinki ugawanywe kwa ule wa fedha uliopigwa kipeo cha 2, ni 1 ÷ (0.01)², yaani 10,000, ambayo logi yake ni 4, na kwa nyuzi 25:

E = 1.56 − (0.059 ÷ 2) × 4 = 1.44

Hapo 2 imetumika mara mbili, kama kipeo na kama n, na bado haijagusa 0.80.

Nani aliwafundisha "geuza, kisha toa"? Hizo video za dakika mbili na vijitabu vya kukariri vimechukua njia mbili halali vikazikata vipande na kuzigundisha. Ipo njia ya kugeuza ile ya anodi na kisha KUJUMLISHA, na ipo ya kutogeuza kitu na KUTOA. Ya kwanza ilizoeleka kwa sababu vitabu vingi vya zamani vya Marekani viliorodhesha volti za oksidesheni (kupoteza elektroni), zinki ikiandikwa +0.76. Mwaka 1953, kwenye mkutano wa IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, huko Stockholm, ilikubaliwa volti za elektrodi ziandikwe kwa upande wa ridaksheni (kupokea elektroni), ndiyo maana jedwali lako lina zinki −0.76. Anayefundisha bila kusema jedwali lake ni la upande gani anampa mwanafunzi kisu kisicho na mpini. Inakera, kwa sababu sentensi moja tu ingetosha.

Kuna mahali pamoja utasikia kwamba lazima n iingie, na ni kweli, usichanganyikiwe. Ni pale unapounganisha nusu-milinganyo miwili kupata nusu-mlinganyo wa tatu, ambao bado una elektroni ndani yake. Fe³⁺ kwenda Fe²⁺ ni +0.77, Fe²⁺ kwenda Fe ni −0.44. Fe³⁺ kwenda Fe si 0.33. Ni (1 × 0.77 + 2 × −0.44) ÷ 3, karibu −0.04. Pale unajumlisha nishati, kisha unagawa kwa elektroni 3. Kwenye seli kamili n zinalingana pande zote, zinafutana, ndiyo maana kutoa kunatosha.

Ukiijenga hiyo seli mezani, usiweke kloridi ya potasiamu kwenye daraja la chumvi, ile karatasi iliyolowa inayounganisha miyeyusho miwili. Kloridi ikikutana na ayoni za fedha unaona ukungu mweupe kwenye ncha ya karatasi, kisha mashapo ya kloridi ya fedha. Mkolezo wa fedha unashuka na volti inashuka nao. Lowesha karatasi ya kuchujia kwenye nitrati ya potasiamu. Waya mwekundu wa maltimita kwenye fedha, mweusi kwenye zinki, usomaji uwe chanya. Ukiona hasi, umebadilisha nyaya, kemia iko salama.

Zinki ndiyo anodi, kwa sababu ndipo oksidesheni inapofanyika. Usiitambue anodi kwa alama: kwenye seli hii ni hasi, kwenye elektrolisisi ni chanya, kwa kuwa pale imeunganishwa na ncha chanya ya betri.

Rudia sasa kwa alumini (−1.66) na shaba (+0.34), elektroni 6. Ukipata 2.00 uko sawa. Ukipata −1.32, umegeuza alumini halafu ukatoa tena. Ukipata 4.34, umezidisha shaba kwa 3 na alumini kwa 2. Weka hatua zako hapa, kila mstari, tuone.