Bibi Shamba Anajibu: Kabla Hujaagiza Lori la Udongo

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wanaoanza, na karibu zote zinauliza cha kununua. Mimi nilikuwa bibi shamba wa kata kabla ya kustaafu, na siku hizi nauza miche kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo kila nikikwambia "usinunue" ujue naumia mwenyewe mfukoni.

Shikamoo Bibi Shamba. Tumehamia nyumba yetu Goba mwaka huu. Uwanja umejaa kokoto na vipande vya tofali, na ardhi imeshindiliwa. Nilipanda mchicha na maua, vyote vimekuwa vya njano. Fundi anasema nilete lori mbili za udongo mweusi. Nikubali? — Mama Mapacha, Goba

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nyumba. Lori lisubiri. Udongo mweusi wa kununua hujui umechotwa wapi. Mara nyingi ni mfinyanzi wa bondeni, ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Na mara nyingi unakuja na ndago. Ndago ikishaingia uwanjani ung'oe leo, baada ya wiki imechipua tena, kwa sababu vile viazi vyake vidogo vinabaki chini. Nimeona watu wamelipia lori zima ili kujiletea kazi ya kung'oa ndago maisha yao yote.

Hiyo njano yako nahisi imetoka kwa fundi huyohuyo. Mwulize alikuwa anakorogea zege wapi na kuoshea karai wapi. Saruji huufanya udongo uwe na ukali wa chokaa, na mmea ukiwa hapo hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo. Angalia majani machanga ya juu: kama yamegeuka njano lakini mishipa yake bado ya kijani, jibu umelipata. Kwangua eneo hilo kina cha jembe, huo udongo ukajazie chini ya njia ya gari, usiupande kitu.

Kisha chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia udongo wa uwanjani ufike theluthi moja ya chupa ukiwa umeshautoa mawe, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iweke. Mchanga utatua chini dakika hiyohiyo. Mfinyanzi utakaa ukielea kwa saa nyingi. Kesho yake utaona matabaka, na utajua una udongo gani bila kumlipa mtu. Goba ina vilima, na udongo hubadilika toka mtaa hadi mtaa, kwa hiyo usichukue jibu la jirani wa bondeni.

Ukiwa mchanga mwingi au mfinyanzi mwingi, dawa ni ileile: samadi iliyooza. Tengeneza tuta moja tu la kuanzia, upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, urefu mita 3. Chimbua sentimita 30 kwenda chini, toa kokoto, changanya ndoo moja hadi mbili za lita 20 za samadi kwa kila mita ya mraba. Iwe ya ng'ombe au mbuzi, ya zamani, isiyo na harufu kali. Ya kuku ni nzuri sana lakini ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Irundike, ilowanishe, ifunike, igeuzegeuze, uipe miezi miwili.

Jambo la mwisho, na hili watu hawaniulizi: jua. Dar iko kusini ya ikweta, lakini mwezi Desemba jua la mchana linapita upande wa kusini kwetu, na mwezi Juni linakwenda mbali upande wa kaskazini. Ukuta wa uzio wa mita 2, mchana wa Juni, unatupa kivuli cha zaidi ya mita 1 upande wake wa kusini. Watu wanapanda nyanya hapo Desemba kukiwa kweupe, ikifika Juni wanasema mbegu ni feki. Nyanya, bamia, pilipili na bilinganya zinataka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Mchicha na matembele hata saa nne wanavumilia. Sogeza tuta kufuata jua, ukuta hausogei.

Bibi, mimi nimepanga Tandika. Nyumba ina wapangaji sita na ua ni ule wa kupitisha ndoo tu. Naweza kulima nini? Na mama mwenye nyumba hataki udongo ukutani. — Mpangaji

Unaweza, na mama mwenye nyumba ana haki yake, udongo wenye unyevu ukiegemea ukuta unavuta mchwa na kubandua rangi. Utalima kwenye kiroba: weka matofali mawili chini, kiroba juu yake, mbali na ukuta kwa shibiri moja.

Tafuta kiroba cha pumba au cha mchele cha kilo 50. Udongo madebe mawili kwa debe moja la samadi. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, uzungushie udongo nje yake, kisha livute juu na ujaze tena, mpaka kiroba kijae. Unabaki na nguzo ya kokoto katikati, na maji ukimwaga juu yanafika hadi chini. Bila hiyo nguzo juu panalowa, chini panakauka. Toboa matundu ubavuni ya kupitisha vidole viwili, uchomeke mimea. Jua litakimaliza kiroba, kitaanza kupukutika baada ya mwaka hivi, andaa kingine.

Anza na matembele. Usinunue kwangu, omba kwa muuza mboga vipande vya marando, kila kimoja kiwe na vifundo vinne au vitano, viwili au vitatu viingie udongoni. Wiki ya sita unachuma, ukiacha ncha inachipua tena. Mchicha wa kurushia mbegu uko tayari kung'olewa wiki ya tatu au ya nne. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kurusha, la sivyo zitaota zote mahali pamoja. Nyanya ziache mpaka utakapozoea. Kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, akizikuta hana huruma, na wewe bado hujajua kumtambua.

Maji ya kuoshea mchele na mboga mwagia. Maji ya vyombo yenye sabuni nyingi au ya kufulia yenye jiki, usithubutu.

Na ukiweka visahani chini ya makopo, vimwage kila wiki na uvisugue. Mbu wa dengue anayeuma mchana anataga kwenye maji kidogo kama hayo, na kwa joto la Dar anatoka yai hadi mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Jiji lilipata milipuko mwaka 2014 na 2019. Wapangaji wenzako watakusamehe harufu ya samadi, hilo hawatakusamehe.

Mpapai wangu una mwaka na nusu, unatoa maua mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, hauzai. Nimeambiwa nipigilie msumari. — Babu K., Bagamoyo

Shikamoo babu. Huo ni dume. Msumari utakupa mpapai dume wenye msumari. Kata, na safari ijayo panda miche mitatu shimo moja, ikianza kutoa maua ung'oe ya ziada. Jike anatoa maua makubwa yaliyobana shinani mwa jani, hayana kikonyo kirefu. Kama mtaa mzima hakuna dume wala mpapai wenye jinsia mbili, mbakize dume mmoja mahali, majike wanamhitaji. Na usipande panapotuama maji, mizizi ya mpapai huoza upesi.

Tumechimba kisima Kigamboni, maji yana chumvi. Nikimwagilia, ncha za majani zinaungua na udongo unaweka utando mweupe. Niache bustani? — Dada wa Kigamboni

Usiache, dada. Badilisha namna ya kumwagilia na badilisha unachopanda.

Ule utando mweupe ndiyo chumvi yenyewe. Maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Kwa hiyo ukimwagia kidogo kidogo kila jioni, juu juu, unaijaza chumvi mahali palepale mizizi ilipo. Mwagia mara chache lakini maji mengi, yazame, yaisukume chumvi chini ya mizizi. Hapo mchanga wa Kigamboni unaousema vibaya unakusaidia, unapitisha maji haraka. Elekeza maji shinani, usinyunyizie majani. Funika tuta kwa nyasi kavu au makuti ili jua lisikaushe juu.

Maharage yasahau, hayavumilii chumvi hata kidogo. Vitunguu na karoti pia vitakusumbua. Spinachi hii yetu ya jani pana inavumilia vizuri kwa sababu ni ndugu wa bitiruti, kunde zinajitahidi, mnazi ndiyo kwao. Kwa maua, mbogambilia. Nyasi, tumia ile ya jani pana tunayoiita Pemba, inastahimili chumvi na kivuli.

Halafu vuna maji ya mvua. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 ambayo masika inaweza kunyesha kabla hujamaliza chai, ni lita 1,000, pungufu kidogo kwa yanayopotea. Ni simtanki nzima. Hayo usimwagie bustani yote, ni ya kitalu. Mche mchanga ndio unaouawa na chumvi, ukishakomaa unapambana. Na yale maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, kama unacho, hayana chumvi, weka ndoo.

Bibi Shamba tuamulie. Mume wangu anataka kuweka pavingi uwanja wote, anasema matope yamemchosha. Mimi nataka bustani. — Ugomvi wa Mbezi

Mpe simu asome mwenyewe. Shemeji, matope yanatokana na maji yasiyo na njia, na ukifunika uwanja mzima maji hayatapungua, yatakimbilia kwa jirani au yatarudi mlangoni kwako. Pia pavingi zinakusanya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, dirisha la chumbani likiwa wazi. Weka pavingi mistari miwili tu ya kupitia matairi ya gari, na njia ya miguu toka geti hadi mlangoni. Katikati na pembeni acha nyasi. Gharama yako inapungua sana, pesa inayobaki mnunulie mwenzako samadi.

Upande wa magharibi, kule jua la saa tisa linakopiga ukuta, pandeni mti. Mwembe wa kubebeshwa unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, uwe mbali na nyumba angalau mita 6. Kama nafasi haipo, mlimao. Fikasi hapana, hata kama nimekuuzia mimi. Mizizi yake inatafuta maji, itaingia kwenye bomba na kwenye chemba, na siku hiyo matope mtakayoyaona yatakuwa ya aina nyingine.

Konokono wakubwa wamemaliza chainizi yote usiku mmoja. Jirani kanipa chumvi ya mawe niwamwagie. — Mwalimu, Kibaha

Mwalimu, umesoma kisa cha dada wa Kigamboni hapo juu. Yeye anahangaika kuitoa chumvi, wewe usiiingize.

Hawa konokono ni wa pwani yetu wenyewe, masika ndiyo sikukuu yao. Mchana wanajificha chini ya mbao, matofali na majani yaliyorundikana, kwa hiyo ondoa hayo karibu na tuta, au acha ubao mmoja makusudi, kila asubuhi ugeuze ukawakute. Mvua ikishanyesha, toka na tochi saa mbili au saa tatu usiku. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, wanaweza kubeba vimelea vinavyompata binadamu, na watoto wasiwachezee. Watie kwenye ndoo ya maji ya chumvi, humo ndimo chumvi ya jirani itumike, halafu wafukie mbali na bustani. Majivu kuzunguka tuta yanazuia yakiwa makavu tu, mvua ikipita weka upya.

Sisi tuliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea tulikuwa tunapangiwa zamu ya konokono kwenye bustani ya shule, na mwalimu wa zamu alihesabu ndoo. Una darasa zima hapo Kibaha. Glavu zinunue za kutosha kwanza.