Yaliyobaki Nje ya Ramani: Kwa Mafundi Wanaoanza Kuandika Hadithi

Mwaka 2009, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mkuranga, nilipima shamba la mikorosho ambalo ndugu wawili wa baba mmoja walikuwa wameligombania kwa miaka mingi. Kaka mtu alisema mpaka ni mkorosho ambao baba yao aliupanda kabla ya Operesheni Vijiji, ile kampeni ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuwakusanya watu katika vijiji, kuwahamisha. Mdogo mtu akasema mkorosho ule ulikwisha kukatwa, na huu uliosimama ni chipukizi lililotoka hatua kadhaa pembeni. Tulishinda pale tangu asubuhi, wazee wakaitwa, mwenyekiti wa kijiji akaja, na hatimaye yule mkubwa akakubali bikoni, yaani alama ya kudumu ya mpaka, ipandwe mahali alipoonyesha mdogo wake. Jioni niliandika katika taarifa: "Mpaka ulithibitishwa na pande zote mbili mbele ya mwenyekiti wa kijiji." Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, na ofisi haikuhitaji zaidi ya hapo. Lakini kabla ya kutia dole gumba kwenye fomu, yule mkubwa aliomba akae kwanza chini ya ule mti, akakaa kimya kwa muda mrefu, na aliyemletea maji ya kunywa ni yuleyule mdogo wake. Jambo hilo halikuwa na mahali pake katika taarifa. Nililiandika kwa penseli katika ukurasa wa mwisho wa daftari langu la uwandani, bila kujua litanifaa nini.

Nilifanya kazi ya upimaji ardhi kwa miaka 14 kabla sijaanza kuandika hadithi kwa dhati, na tangu hapo wamekuwa wakinijia vijana wenye taaluma za namna hiyo, wahandisi wa maji, mafundi sanifu wa umeme, wataalamu wa maabara na waandika programu za kompyuta, wakiuliza swali linalofanana: je, ni lazima mtu ausahau ufundi wake ili awe mwandishi? Jibu langu ni hapana. Kuna tabia moja tu ya kuiacha, nayo ni ile ya kuondoa katika maandishi kila kitu kisichopimika. Sisi tulifundishwa kuandika kwa kufuta. Tulifuta shaka, tukafuta hasira ya mwenye shamba, tukafuta na uchovu wetu wenyewe, mpaka ikabaki namba na saini. Tulifanya vyema, kwa sababu ramani haiwezi kubeba hayo. Ila hadithi huanzia palepale tulipofuta, na mtu aliyekaa miaka kumi akifuta ana hazina kubwa kuliko anavyodhani, mradi akumbuke alichokifuta.

Kinachotusumbua kwanza ni lugha ya taarifa. Mswahili yeyote aliyewahi kuandika taarifa ya kazi anaijua: ilibainika, ilionekana, zoezi lilifanyika, wananchi walielimishwa. Vitenzi hivi vya kutendwa na kutendeka vina faida yake ofisini, kwa kuwa vinaiweka kazi mbele na mtu nyuma, lakini katika hadithi vinamficha mtendaji, na msomaji asiyemwona mtendaji hana wa kumfuata. Nilipoandika kwa mara ya kwanza kisa cha wale ndugu wawili, sentensi yangu ya mwisho ilikuwa hii: "Mgogoro ulisuluhishwa na wote wakaridhika." Nilimpelekea mzee mmoja jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliyeusoma ukurasa ule mara mbili kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani aliridhika kwanza?" Sikuwa na jibu la haraka. Nililifikiria swali lile kwa siku nyingi, na kila nilipolijibu ilinibidi niandike ukurasa mwingine, kwa sababu nilikuja kutambua kwamba yule mkubwa hakuridhika hata kidogo. Alichoka, na alimhurumia mdogo wake, na huruma ile ndiyo iliyompotezea mikorosho kadhaa. Chukueni ukurasa mmoja wa taarifa yoyote mliyowahi kuiandika, mtafute kila kitenzi cha kutendwa au kutendeka, kisha muulize nani alitenda, alikuwa amesimama wapi, na alikuwa anataka nini. Sijapata zoezi lililonifaa kuliko hilo.

Wapo wanaoikimbia lugha ya taarifa wakaangukia upande wa pili. Mtu akishaambiwa kwamba hadithi ni sanaa, huanza kupamba: kila sentensi ina methali, jua halichomozi mpaka lilinganishwe na bibi harusi, na maneno ya kamusi yanapangwa mstarini kama mabati mapya. Nawasihi msifanye hivyo, maana mnatupa kile ambacho waandishi wengine wangekitamani, yaani usahihi. Aliyezoea kuandika umbali kwa milimita anajua kwamba neno moja likikaa mahali pake halihitaji kusaidiwa na mengine matatu. Maneno ya kazi zetu yenyewe ni mazuri yakiachwa yalivyo. Timazi, pimamaji, futikamba, kufyeka mstari, kupanda bikoni: msomaji asiyejua futikamba inatumikaje ataelewa akimwona kibarua anaivuta, akiishika kwa kidole gumba na kuita namba kwa sauti, na mwenzake akiirudia namba hiyo ndipo iandikwe. Hakuna haja ya kusimamisha hadithi ili kumfundisha.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa nia njema. Tunaupenda ufundi wetu, kwa hiyo tunaueleza. Nimesoma miswada ya wahandisi ambamo pampu ya maji inaelezwa kurasa tatu, kila sehemu na kazi yake, huku mwanamke aliyekuja kisimani na ndoo akingoja pembeni bila jina. Ufundi unaingia vizuri katika hadithi pale unapomlazimisha mtu kuchagua. Nitoe mfano wa kazi yangu. Kila mpimaji anajua kwamba jua la mchana likikaza, joto linalopanda kutoka ardhini huifanya shabaha, yaani alama tunayoilenga, icheze ndani ya darubini ya theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe, na kwamba vipimo vya maana vya umbali mrefu hufanywa asubuhi au jioni. Nikilieleza jambo hilo peke yake, ni somo la darasani. Nikimweka mpimaji kijana ambaye msimamizi wake anataka kurejea mjini kabla ya magharibi, wakapima saa saba mchana, naye kijana akaiona shabaha inacheza na akanyamaza kwa sababu ni mwezi wake wa kwanza kazini, basi nimepata hadithi. Kosa la sentimita chache litalala ardhini pale kwa miaka, mpaka siku mtu atakapotaka kujenga ukuta. Ufundi ule ambao ungemchosha msomaji sasa unamtia wasiwasi.

Katika upimaji tunayo kazi ya kufunga mzunguko. Unaanzia kwenye nukta ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika, unakwenda kituo hadi kituo ukipima pembe na umbali, kisha unarudi ulikoanzia. Ukifika, hesabu hazikubaliani kikamilifu; hubaki tofauti ndogo, na kama haikuzidi kiwango kinachoruhusiwa, unaigawa kwa vituo vyote ili kila kimoja kibebe sehemu yake, na mzunguko unafunga. Nimeutumia utaratibu huu katika riwaya kwa namna mbili, ya kwanza ikanifaa na ya pili ikaniharibia kazi. Kwa upande wa wakati unafaa sana. Natengeneza jedwali la umri wa kila mhusika, misimu ya mvua, na matukio yanayojulikana na wote, kisha napita sura kwa sura mpaka nirudi mwanzo. Bila jedwali hilo nilikuwa nimemwacha mama mmoja anaokota korosho katikati ya masika, jambo ambalo mtu yeyote wa Pwani au wa Mtwara angelikataa mara moja, maana korosho huvunwa kuanzia mwezi wa Oktoba hivi.

Kwa upande wa nafsi za watu, mzunguko usifungwe. Mhusika wangu alimpenda mdogo wake na papo hapo alitamani ashindwe mbele ya wazee. Hizi ni hisia mbili zisizokubaliana, nami, kwa mazoea ya kazi, nikaigawa ile tofauti: kila sura nikaweka kisababu kidogo, hapa deni la zamani, pale neno la shemeji, mpaka chuki yake ikawa na hesabu kamili na mtu mwenyewe akafa mikononi mwangu. Nilivifuta vile visababu vyote, nikabakiza pengo, na sura ile ikasimama. Watu tuliowapima mashamba walikuwa hivyo, na sote tuliowahi kukaa nao barazani tunalijua jambo hili. Mzee akisema mbele ya mwenyekiti, "Sisi hatuna neno," mpimaji mgeni huandika kwamba hakuna pingamizi, lakini aliyekaa vijijini muda mrefu anajua kwamba neno lipo, ni zito, na halitasemwa leo. Taarifa inachukua kauli. Mwandishi achukue pia alivyoitazama ardhi alipokuwa akiitoa kauli hiyo, na nani aliyeinuka akaondoka.

Kuhusu siri za watu sina la kubembeleza. Majalada ya ofisi si mali yetu. Mgonjwa aliyepimwa, mwenye kiwanja aliyeonyesha hati yake, mteja aliyefungua mfumo wake ili urekebishwe, wote walituamini kama watu wa kazi. Mimi hubadilisha kijiji, hubadilisha zao, hubadilisha idadi ya ndugu na jinsia zao, na bado hujiuliza kama mhusika mwenyewe akisoma atajitambua na kuumia. Ikiwa jibu ni ndiyo, kisa hicho nakiacha, hata kiwe kizuri vipi. Wale ndugu wa mikorosho niliowaeleza hapo juu nimewabadilisha pia.

Suala la kuacha kazi huulizwa sana, nami hulijibu kwa ufupi: msiache mapema. Mimi niliandika kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, siku nne za juma, kwa miaka mitano, mshahara ukiendelea kuingia na watoto wakiendelea kusoma. Shaaban Robert aliandika akiwa mtumishi wa serikali tangu mwaka 1926, kwanza katika forodha, na miaka yake ya mwisho ya utumishi aliipitisha katika ofisi ya upimaji huko Tanga. Mimi kama mpimaji huikumbuka habari hiyo kila ninapoona uvivu kuamka. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, alisomea fizikia ya nyuklia Marekani na kufanya kazi ya sayansi Kanada, na aliiacha fizikia pale riwaya yake ya kwanza, aliyoiandika kwa Kiingereza, ilipochapishwa mwaka 1989. Tazameni mpangilio wa mambo hapo: kitabu kilitangulia, kazi ikaachwa baadaye.

Riwaya ya Kiswahili ina milango zaidi sasa kuliko nilipoanza. Ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Wapo pia wanaouza simulizi zao kipande kwa kipande kwa njia ya simu, na wengine wamejipatia wasomaji waaminifu kwa njia hiyo. Pelekeni kazi zenu huko, ila msiikate hadithi ili kuiwahi tarehe ya mwisho ya tuzo. Tumezoea kukabidhi mradi siku iliyoandikwa katika mkataba, na mazoea hayo ni mema, lakini muswada uliokabidhiwa ukiwa nusu haurudishwi kwa marekebisho kama ramani. Unakataliwa tu, mara nyingi bila maelezo.

Kabla ya kuupeleka popote, usomwe na mtu mliyefanya naye kazi uwandani. Wasomaji wa fasihi watawaeleza kuhusu lugha na muundo, nao wana haki ya kusikilizwa, lakini kuna mambo wasiyoweza kuyaona. Mimi nilimsomea kwa sauti sura tatu za kwanza mzee mmoja aliyekuwa akinishikia mlingoti wa shabaha kwa zaidi ya miaka minane, mtu ambaye hajawahi kununua riwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mkuu, hapo kwenye mkorosho, kivuli umekilaza kuelekea mashariki, na wewe umesema ni asubuhi." Nilirudi kwenye ukurasa nikakuta ni kweli. Nikakigeuza kivuli kikaelekea magharibi, na kwa kukigeuza nikalazimika kumhamisha kaka mtu upande wa pili wa mti ili apate pa kukaa, na alipohamia huko ikawa hawezi tena kumwona mdogo wake akija na maji mpaka amfikie kabisa. Sura hiyo ndiyo wasomaji wanayonitajia mara nyingi. Mtafuteni mtu wa namna hiyo, mumsomee polepole, na mkae na penseli mkononi.