Nilichelewa kwa Kanga: lini umfunge paka uzazi, lini umwache azae

Usiku ule nilidhani paka wangu amekula sumu. Ana miezi mitano, anagaagaa sakafuni, ananyanyua kiuno na kulia kama mtoto aliyebanwa na mlango. Nikambishia hodi jirani, bibi aliyefuga paka umri wake wote. Akamtazama mara moja, akacheka. “Mgonjwa wa nini, mwanangu? Huyo anataka dume.”

Nilimwita Kanga kwa rangi zake tatu (paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, kumbuka hilo ukiokota mmoja). Nilipanga kumpeleka kwa daktari wa mifugo akishazaa mara moja, maana mtaani kwetu Unguja kila mtu aliniambia paka sharti aonje uzazi ndipo atulie. Si kweli. Kiafya hapati faida yoyote, na jike akifungwa uzazi kabla ya joto la kwanza (kile kipindi cha kutaka dume), hatari ya saratani ya matiti hupungua sana. Haya nilielezwa nikiwa tayari na watoto tisa wa paka nyumbani.

Ndiyo, tisa. Mimba ya paka huchukua kama siku 63 hadi 65. Wanne wa mwanzo aliwazalia kabatini, juu ya nguo zetu za Idi. Hawajaacha ziwa, tumbo likajaa tena, kwani paka hushika mimba huku ananyonyesha. Wakaja watano. Ulaya paka wengi hupumzika miezi ya baridi, mchana unapokuwa mfupi. Huku kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo paka wetu hawana likizo.

Kuwagawa ndiko kulikonitoa jasho. Kila mtu husema “niwekee mmoja” mpaka siku ya kuja kumchukua. Mmoja nilimkuta sokoni Darajani kwenye samaki, mwezi baada ya kumtoa, amekonda, jicho limeziba. Aliyemchukua alisema ametoroka. Sikubishana naye. Nilimrudisha nyumbani, yupo mpaka leo.

Kwa hiyo jike akifika miezi minne, nenda kazungumze na daktari. Kama keshazaa, subiri watoto waache kunyonya na maziwa yakauke. Muulize daktari asile kwa saa ngapi kabla ya upasuaji, maana paka mdogo hawezi kukaa na njaa muda mrefu kama mkubwa. Akirudi, mfungie ndani kama siku kumi, na asilambe mshono. Kanga nilimvisha fulana ya mtoto mchanga, nikaitoboa matundu ya miguu ya nyuma, akaninunia siku mbili. Na tafadhali, usimpe Panadol eti umpunguzie maumivu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Dume kazi yake ni nyepesi na aghalabu bei huwa chini. Asipohasiwa atakojolea milango na kupigana na kila shume wa mtaa, na kwa kuumana huambukizana virusi vinavyodhoofisha kinga yao (havimwingii binadamu). Ila akishahasiwa mtenge na majike wiki kadhaa, bado anaweza kutia mimba.

Wengine huniuliza kama dini inaruhusu kumfunga paka uzazi. Wanazuoni wametofautiana. Shehe wa msikiti wetu, kabla hajanijibu, alitaka kwanza kujua wale tisa wamefikia wapi.

Mimi sisemi hakuna anayefaa kuzalisha paka. Mpwa wangu ana jike wa Kiajemi na keshaanza kupiga hesabu ya fedha. Nilimuuliza mambo matatu: paka wake ametimiza mwaka? Yeye na dume wamepimwa figo, kwa kuwa paka wa Kiajemi hurithishana uvimbe wa maji kwenye figo? Na kichwa cha mtoto kikikwama usiku wa manane, ni daktari gani atakuja, na kwa fedha za nani?

La kwanza alinijibu. Hayo mengine anasema bado anayafikiria.