Jibu: Filamu nzuri itafutie muda wake

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza kwa nini kila ukianza filamu nzuri unaishia kwenye simu au usingizini. Usiianze saa nne usiku umetoka kazini hoi. Jumapili mchana ndiyo saa yake, hasa baridi hii ya Juni. Simu iache chumba kingine, jifunike blanketi. Jiko la mkaa usiliingize ndani, hewa yake inaua.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya runinga, uzime kipengele cha kulainisha mwendo (motion smoothing), kile kinachoongeza picha za kubuni katikati ya zile halisi. Filamu nyingi zinarekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ikijibunia za ziada, kila kitu kinafanana na tamthilia ya bei rahisi. Wengi hawajui hili, na linaumiza!

Ndefu zisikutishe. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya 1954, ina dakika 207 na mapumziko yake katikati. Hapo ndipo unyanyuke, uchemshe chai ya Tukuyu.

Zile zilizotafsiriwa na ma-DJ nazipenda, ila kwa mara ya kwanza chukua yenye maandishi chini. Msimulizi anazungumza hata pale mwongozaji alipotaka kimya.